Nyuki wamehama baada ya kurina asali: je, ninunue mizinga ya fremu?

Mwalimu mstaafu wa Bagira, hapa Bukavu, ametuandikia kwamba ana shamba la urithi huko Kabare, kwenye mteremko wenye mikaratusi, kahawa na migomba. Mwaka jana seremala wa Kadutu alimtengenezea mizinga mitatu ya viunzi, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega chini yake, kwa kufuata mchoro uliotaka kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 35. Mwezi wa Oktoba nyuki waliingia wenyewe katika mizinga miwili. Wa tatu, uliopakwa rangi ndani na nje, haukupata hata nyuki mmoja. Mwanzoni mwa Juni kijana wa jirani alimsaidia kurina asali mchana, kwa mwenge wa majani makavu. Masega yalikuwa yamejengwa kwa kukingama, yakishika viunzi vitatu au vinne kwa pamoja, hivyo katika mzinga wa kwanza walilazimika kuvunja karibu yote, na katika wa pili walichukua asali yote wakaacha masega ya watoto. Mzinga wa kwanza ulikuwa mtupu siku ya tatu. Wa pili uliendelea hadi katikati ya Julai, kisha nyuki wakaondoka, na baada ya hapo akakuta utando mweupe ndani. Anauliza kama kosa ni la mizinga hiyo, na kama auze yote anunue mizinga ya fremu, ambayo kila sega lake huzungukwa na mbao pande zote nne, pamoja na mashine ya kukamulia asali, kama alivyoshauriwa na mchuuzi wa vifaa hivyo.

Mama Mwalimu,

Nakushukuru kwa kutaja miezi, saa, vipimo na hali ya masega uliyoyakuta, kwa sababu ndiyo yanayoniwezesha kukujibu bila kubahatisha. Usiuze mizinga yako, na pesa ulizotenga kwa ajili ya fremu na mashine usizipeleke huko mwaka huu. Nyuki wako hawakuukimbia mzinga. Kundi moja lilikimbia namna lilivyorinwa, na la pili likakimbia njaa. Kama ungekuwa na mizinga ya fremu ya bei kubwa, ikarinwa kwa mkono uleule na mwezi uleule, makundi hayo yangekuponyoka vilevile.

Nyuki wanapohama, masega wanayoyaacha hueleza sababu. Kundi lililoshtuliwa huondoka ghafla na kuacha kila kitu: majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya vitundu vyao, pamoja na chavua na hata asali. Kundi linalohama kwa kukosa chakula huondoka kwa mpango. Malkia hupunguza kutaga, kisha huacha kabisa. Vibarua hula akiba iliyobaki. Na kwa kuwa yai la kibarua linahitaji siku 19 hadi 21 ili litoe nyuki kamili, kundi husubiri karibu wiki tatu hadi majana ya mwisho yatoke, ndipo linaondoka lote. Linachoacha ni masega makavu yasiyo na kitu. Katika mzinga wako wa kwanza umesema ulikuta vipande vya masega sakafuni, vikiwa na majana yaliyooza na sisimizi wengi juu yake: hao walishtuliwa. Katika mzinga wa pili ulikuta masega mepesi, makavu, bila majana: hao walikuwa wakijiandaa kuondoka tangu mwezi wa Juni, na kama ungeufungua mzinga mwishoni mwa mwezi huo ungeona kwamba mayai yamekwisha. Ule utando mweupe ni wa nondo wa nta. Nondo hakuwafukuza, kwa sababu kundi lenye nguvu humtoa nje pamoja na viwavi wake kila siku; aliingia baada ya nyumba kubaki bila mwenyewe.

Inafaa ujue kwa nini nyuki wetu ni wepesi wa kuhama hivi, kwa maana vitabu vingi vinavyouzwa vimeandikwa juu ya nyuki wa Ulaya. Nyuki wa kule anakabili miezi ya baridi isiyokuwa na ua hata moja, na akiiacha akiba yake kabla ya baridi hiyo atakufa. Kwa hiyo huvumilia bughudha nyingi ili abaki nayo. Nyuki wa Afrika hana baridi ya namna hiyo. Ana kiangazi, ana mvua nyingi, na ana maua yanayopokezana kutoka bonde moja hadi jingine, naye ameumbwa ayafuate. Ndiyo maana huku kwetu kazi ya mfugaji, kabla ya kufikiria kuongeza asali, ni kulipatia kundi sababu ya kubaki.

Sasa nije kwenye kosa la kweli lililomo katika mizinga yako, ambalo ni dogo na linarekebishika kwa randa. Upana wa milimita 35 ulioandikwa kwenye mchoro ni kipimo cha nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu ni mdogo kidogo na hujenga masega yake yakikaribiana zaidi: kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili ni milimita 32, na ndicho kipimo cha kiunzi katika mizinga ya viunzi iliyoendelezwa nchini Kenya miaka ya 1970. Tofauti ya milimita 3 inaonekana si kitu, lakini hesabu yake hujumlishwa. Sega la kwanza linakaa katikati ya kiunzi chake. La pili linakosea kwa milimita 3, la tatu kwa 6, na likifika la sita limekosea kwa milimita 15, yaani tayari limekalia mpaka kati ya viunzi viwili. Kuanzia hapo nyuki huunganisha viunzi, hupinda masega, na mwishoni hujenga kwa kukingama kama ulivyoona. Kile kilichokulazimisha kuvunja masega mwezi wa Juni kilianzia kwenye meza ya seremala.

Mpelekee seremala viunzi vyote na umwombe apunguze milimita 1.5 kila upande. Asipunguze milimita 3 upande mmoja tu, kwa sababu mstari wa kuongoza nyuki unapaswa kubaki katikati kabisa. Umesema kila mzinga una viunzi 26, hivyo safu yake ya sasa ina urefu wa milimita 910. Vikishapunguzwa vitachukua 832, na nafasi ya milimita 78 iliyobaki itatosha viunzi viwili vipya vya 32 pamoja na ubao mwembamba wa milimita 14 wa kuziba nyuma. Viunzi vikae vikigusana, pasiwepo mwanya. Katikati ya kila kimoja, upande wa chini, seremala achonge mfereji mwembamba, nawe uujaze nta ya nyuki iliyoyeyushwa hadi ijitokeze kama uzi mnene. Hapo ndipo nyuki huanzia kujenga. Usitumie nta ya mishumaa ya dukani, kwani hiyo haitoki kwa nyuki na hawaifuati.

Kuna jambo la pili ambalo katika milima ya Kabare husahauliwa sana, nalo ni kuweka mzinga sawasawa. Nyuki hujenga sega likining'inia wima kama uzi wa timazi. Mzinga ukiinama kuelekea ubavu mmoja kwa kufuata mteremko wa shamba, sega litashuka wima lakini litafika kwenye ukuta wa upande mmoja na kugandishwa hapo. Tumia pimamaji ya fundi, au chupa yenye maji nusu uliyoilaza juu ya viunzi. Ukipenda, inamisha kidogo sana kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke, lakini kwa upana usiinamishe hata kidogo.

Baada ya kundi kuingia, fungua mzinga kila wiki mbili au tatu katika miezi miwili ya mwanzo, kwa dakika chache tu, ukianzia upande usio na masega. Sega jipya ni jeupe na laini, na likiwa limeanza kupinda unaweza kulirudisha kwenye mstari kwa vidole viwili. Sega la miezi minane halirudishwi, linakatwa tu. Ukiliinua, lishike kiunzi kwa ncha zote mbili na usililaze kamwe, kwa kuwa halina fremu ya kulibeba: ukitaka kuona upande wa pili, ligeuze likibaki wima daima, la sivyo litakatika na kuanguka na asali na watoto wake.

Kuhusu fremu, sitaki uelewe kwamba nazipinga. Mmarekani Lorenzo Langstroth aliona mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi njia yenye upana wa milimita 6 hadi 9. Ikiwa nyembamba zaidi wanaiziba kwa gundi yao, ikiwa pana zaidi wanajenga sega ndani yake. Mzinga wake wote unasimama juu ya kipimo hicho, na hapo ndipo ugumu unapoanzia kwa mfugaji wa mizinga mitatu. Seremala aliyekosea viunzi kwa kufuata mchoro usiofaa atatengeneza makasha, fremu na mifuniko ambayo lazima ilingane yote kwa milimita mbili tatu, kwa mbao ambazo mara nyingi hazijakauka vizuri na zitapinda mvua ikianza. Bamba za nta zinazowekwa ndani ya fremu mara nyingi hutoka nje, zikiwa zimechapwa vitundu vya milimita 5.4 kwa ajili ya nyuki wa Ulaya, wakati nyuki wetu hujenga vya karibu milimita 4.9. Mashine ya kukamulia, ambayo ndiyo faida kubwa ya fremu kwa kuwa hurudisha sega zima kwa nyuki, ingekaa bila kazi karibu mwaka mzima kwako wewe peke yako.

Pia kuna ukali. Ukifunua mzinga wa fremu, paa lote linaondoka na nyuki wote wanaona mwanga kwa mara moja. Ukiinua kiunzi kimoja, unafungua ufa wa upana wa vidole viwili na waliobaki hawajui. Kwa nyuki wetu, katika shamba lenye majirani pande zote, tofauti hiyo kwangu ina uzito kuliko kilo za asali zinazoongezeka. Siku utakapokuwa na makundi kumi yaliyokaa kwako misimu miwili bila kuhama, na majirani wawili watatu wa kuchangia mashine, niandikie tena, na pengine nitakuambia ununue.

Sasa turudi kwenye mwezi wa Juni, kwa sababu hapo ndipo ulipopoteza kundi la pili, na randa ya seremala haitakuokoa ukirudia. Hapa kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Ulirina mwanzoni mwa kiangazi, wakati ambapo asali iliyomo ndiyo iliyokusudiwa kuvushia miezi hiyo, ukaichukua yote. Kuna mikaratusi inayotoa maua wakati wa kiangazi, na wengine huitegemea, lakini hutofautiana kwa aina na hata kwa mwaka, na usiweke uhai wa kundi juu ya miti ambayo hujaitazama mwenyewe misimu kadhaa. Anza daftari. Andika kila mwezi nini kimechanua ndani ya mwendo wa nyuki, ambao kwa kawaida ni hadi kilomita 3: kahawa, parachichi, mahindi kwa chavua yake, maua ya migomba, mubirizi wenye majani machungu, alizeti mwitu ya kwenye nyua. Usisahau kwamba njaa ina msimu wa pili ambao wengi hawauoni, nao ni kati ya Machi na Mei, mvua inaponyesha siku nyingi mfululizo: maua yapo, lakini nyuki hawawezi kutoka.

Kipimo cha kurina ni kile unachoacha. Masega ya watoto yasiguswe kabisa. Kwa kundi lililokomaa katika mzinga kama wako hayo ni kama manane. Kisha kila upande wa masega hayo uache masega ya asali, na kama unarina kuelekea kiangazi uache matatu au manne kwa jumla. Chukua yaliyo mbali zaidi na mlango, yale ambayo angalau theluthi mbili ya vitundu vyake imefunikwa kwa nta. Asali isiyofunikwa bado ina maji mengi na itachacha ndoo ikiwa kabatini. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa kawaida ni asilimia 20 ya maji, na katika hewa yetu yenye unyevu wa ziwa hata asali nzuri huvuta maji ikiachwa wazi, kwa hiyo ndoo iwe na mfuniko na ifunikwe baada ya kila sega. Ukikata, bakiza ukanda wa sentimita moja au mbili chini ya kiunzi, na nyuki watajenga tena papo hapo kwa mstari ulionyooka. Kwa hesabu hii, mwaka wa kwanza huenda ukapata masega mawili matatu tu kwa mzinga. Yachukue hayo na ushukuru, kwa sababu mwaka wa pili kundi litaanza likiwa na masega tayari, na kutengeneza nta huwagharimu nyuki asali nyingi, kilo kadhaa kwa kila kilo moja ya nta.

Kundi likionekana jepesi katikati ya kiangazi, lilishe. Yeyusha kilo moja ya sukari katika lita moja ya maji, poza, mimina kwenye sahani yenye vijiti vya kukanyagia ili nyuki wasizame, na uiweke ndani ya mzinga, nyuma ya sega la mwisho. Fanya hivyo jioni, bila kumwaga hata tone nje, na upunguze mlango ubaki na tundu moja au mawili, kwa maana harufu ya sukari huita wezi kutoka mizinga mingine na vita vyao huweza kumaliza kundi dhaifu. Usiwalishe asali ya kununua ambayo hujui ilikotoka, kwani magonjwa ya majana husafiri ndani yake. Maua yakianza, acha mara moja, usije ukarina sukari yako mwenyewe ukamuuzia mtu kama asali.

Mwenge ndio uliolifukuza kundi la kwanza. Moto huunguza mbawa, huua nyuki wengi mlangoni, na moshi wake ni wa joto. Nunua bomba la moshi kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hata hivyo bomba bila kujua kuliwasha halisaidii: anza na jani kavu la mgomba lililosokotwa, likishika weka maganda makavu ya mkaratusi, kisha vigunzi vya mahindi vinavyodumu, na juu kabisa mkono mmoja wa majani mabichi ili kupoza. Puliza kwenye mgongo wa mkono wako. Ukisikia joto, bado. Moshi unaofaa ni mweupe, mzito na wa baridi. Toa pumzi tatu au nne mlangoni, ngoja dakika mbili ili nyuki wajaze asali matumboni, ndipo ufungue, ukitoa kidogo kila unapoinua kiunzi. Moshi mwingi kupita kiasi nao hufukuza na huharibu ladha ya asali.

Saa ni muhimu kama moshi. Mchana unaamsha shamba zima, na nyuki waliokasirika saa sita wana muda wa kuwasumbua wapita njia hadi giza. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Anza saa kumi na moja, maliza wakati mwanga unaondoka, na usiku utawatuliza.

Baada ya bomba, mavazi. Fundi wa cherehani anaweza kukushonea kwa pamba nzito yenye matabaka mawili, rangi nyeupe au ya krimu, pana isibane mwilini, kwa kuwa mwiba hupita pale nguo inapogusa ngozi. Wavu wa uso uwe mweusi kwa mbele: mweupe huakisi mwanga na hutaona mayai. Suruali ivae juu ya buti za mpira, mikono ifungwe kwa mpira juu ya glavu. Sufu, nguo nyeusi na manukato usivae. Kisu, ndoo mbili, bawa la kuku la kufagilia nyuki na patasi nyembamba ya kubandulia viunzi vinatosha. Mengine anayokutajia mchuuzi yanaweza kungoja.

Ukichomwa, ukwangue mwiba haraka kwa ukucha, kwa maana unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameondoka. Papo hapo utasikia harufu kama ya ndizi zilizoiva: hiyo ni ishara ya vita ambayo nyuki huitia wenzake, nao watachoma mahali palepale. Pulizia moshi hapo kabla ya kuendelea. Usifanye kazi peke yako kamwe. Mtu akianza kuvimba uso, kukosa pumzi, au kuwashwa mwili mzima mbali na alipochomwa, msingoje ipoe: mpelekeni hospitali dakika hiyohiyo, anahitaji adrenalini.

Nimefika kwenye mahali pa kuwekea mizinga, na hapa nina wasiwasi zaidi kuliko mahali pengine. Umeandika kwamba mbuzi wa jirani hufungwa chini ya mikaratusi, karibu na mizinga. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na kundi likikasirika litamuua. Zungumza na jirani leo, kabla nyuki hawajarudi, na mkubaliane. Mizinga ikae mbali iwezekanavyo na nyumba na njia za watoto wa shule. Mita 200 au zaidi ni kipimo kizuri, na pale ambapo ardhi ni finyu panda ua mnene unaozidi urefu wa mtu mbele ya mlango, ili nyuki wapande juu kabla ya kwenda zao. Weka beseni la maji lenye mawe upande wa shamba lako, lisikauke kamwe, wasije wakazoea bomba la jirani. Kama kuna wanaopuliza dawa kwenye nyanya na kabichi, waombe wapulize jioni nyuki wakiwa wamerudi. Ukiwapelekea chupa ya asali kila msimu ombi lako halitasahaulika.

Mizinga yako imesimama juu ya miguu ya mbao, majani yakiigusa. Siafu wakipita usiku mmoja, kundi lote litaondoka. Ining'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno, na upake waya grisi. Au kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, lililofunikwa juu lisijae mvua. Fyeka majani yote chini.

Sasa ni Agosti, na muda unakutosha. Masega yenye utando wa nondo yatoe yote: yaliyooza yachome moto, makavu yayeyushe katika maji ya moto kwenye sufuria ya alumini, uyachuje kwa gunia, na nta itakayoganda juu ya maji ndiyo utakayoitumia kwenye mifereji ya viunzi. Sufuria ya chuma kitupu huitia nta rangi nyeusi. Mizinga miwili ya zamani ikwangue ndani, ipitishe moto mwepesi kuua mayai ya nondo, lakini gundi ya nyuki iliyoshika kwenye kuta usiimalize, kwani harufu yake huwaita wengine. Ule uliopakwa rangi umwambie seremala aupige randa ndani hadi mbao ionekane, kisha uuache juani wiki mbili. Nje rangi inaweza kubaki. Paka nta iliyoyeyushwa kuzunguka mlango na kwenye viunzi vichache vya mbele, sugua kuta kwa majani mabichi ya mchaichai, ambao harufu yake inafanana na ile nyuki wanayotumia kuitana nyumbani, na uning'inize yote mitatu kabla mvua za kwanza hazijakolea. Kwako waliingia Oktoba. Wape tena nafasi hiyo.

Wakiingia, usiufungue mzinga kwa siku kumi za kwanza hata hamu ikikuzidi. Simama pembeni ya mlango, si mbele yake, utazame miguu ya nyuki wanaorudi. Ukiona mafungu ya chavua, ya manjano au meupe, yamebebwa kwenye miguu ya nyuma, ujue kuna watoto wanaolishwa ndani, na kundi lenye watoto limeshaamua kukaa. Hapo ndipo uvae, uwashe bomba, na uende kuangalia kama sega la kwanza limefuata mstari wa nta.